Mtu Aliyeandikwa Ametoka

Saa nane kasoro robo mchana wa Jumanne, simu ya Scolastika ilionyesha kwamba ndani ya duara namba nne, shimo la dhahabu, hapakuwa na mtu. Sifuri kubwa ya kijani ilikaa katikati ya kioo. Scolastika aliitazama, akatazama mdomo wa shimo, kisha akawahesabu kwa macho wanaume waliokuwa wakiosha miguu kwenye ndoo kando ya winchi.

Alikuwa karani wa mlangoni katika machimbo yale ya Nyarugusu. Kazi yake ilikuwa moja: anayeshuka, amwandike, anayepanda, amfute. Mwanzoni aliandika kwenye daftari. Tangu mwaka jana kikundi cha wachimbaji kilimpa simu yenye programu iitwayo Shuka-Panda.

"Tunawasha," alisema msimamizi.

"Bado mmoja," Scolastika alisema. "Mabula."

"Mabula yule pale anaosha miguu."

"Wako wawili. Mabula Masanja wa Bukombe na Mabula Masanja wa Kahama. Yule pale ni wa Kahama."

"Simu inasemaje?"

Scolastika aliitazama tena. Alitamani iseme kitu kingine. "Inasema sifuri."

"Basi ni sifuri. Labda kapanda ukiwa chooni."

Utambi wa baruti ya kwanza uliwashwa. Ardhi ilitikisika chini ya miguu, na moshi ukaanza kupanda taratibu kutoka shimoni. Hapo Scolastika alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka sita ya kazi: alikwenda akasimama kwenye mbao za mdomo wa duara, akasema kwamba anayetaka kuwasha wa pili amsukume kwanza yeye aingie. Walimtukana. Mmoja alimshika mkono. Walikuwa bado wanabishana hivyo walipoisikia kamba ya winchi ikivutwa kutoka chini, mara tatu, kwa nguvu ndogo sana.

Mabula wa Bukombe alikuwa amebaki kwenye njia ya pembeni akifunga gogo la kuzuia ukuta lililolegea. Walimtoa akiwa hai. Damu ilikuwa ikimtoka sikio la kushoto, na alikuwa anakohoa mfululizo asiweze kusema.

*

Ngokolo, mjini Shinyanga, Vaileth alikuwa mezani kwake chumbani akitengeneza kompyuta ya duka la dawa. Mumewe, Masalu, alikuwa katibu wa kikundi kile cha Nyarugusu na alirudi nyumbani mwisho wa juma tu. Kwa hiyo simu yake ya Jumanne mchana ilimshtua kabla hata hajaipokea.

"Mama Blessing, kuna mtu kalipuliwa namba nne. Yu hai. Wanampeleka Geita."

"Ilikuwaje? Shuka-Panda haikuonyesha?"

"Ilionyesha sifuri. Anaitwa Mabula Masanja. Sikiliza. Usiandike chochote kwenye grupu. Hata pole usiandike."

Shuka-Panda ilikuwa kazi ya Vaileth. Aliianza baada ya kusikia jinsi daftari la duara moja lilivyolowa mvua na majina yakafutika. Mwenzake Gregory, aliyekuwa Mwanza, alimsaidia kuiandika, na wengine wachache ambao hawakuwahi kuonana nao uso kwa uso. Programu yenyewe ilikuwa huria: mtu yeyote angeweza kusoma jinsi ilivyoandikwa, kuichukua bure, kuirekebisha. Jambo moja tu hawakuwahi kulipanga, nalo ni namna ya kupokea kasoro. Zilikuja tu kwenye grupu la WhatsApp lenye watu mia moja na arobaini, zikipita katikati ya salamu, tanzia na matangazo ya vitenge.

Alifungua rekodi ya siku ile. Mabula Masanja, ameshuka saa moja na dakika kumi na mbili, amepanda saa saba na dakika ishirini. Mstari mmoja. Watu wawili, mstari mmoja.

Akajua palepale. Mwezi uliopita makarani walilalamika kwamba simu zikichelewa wanabonyeza mara mbili, na jina moja linaingia mara mbili. Alirekebisha kwa dakika kumi: jina likijirudia katika zamu moja, programu iliunganishe. Alijisifu hata, kwamba ilikuwa kazi safi. Hakufikiria kwamba katika nchi ya Wasukuma, Mabula Masanja wangeweza kujaa basi zima.

Aliingia kwenye grupu akarudi nyuma, siku baada ya siku. Siku kumi na tisa nyuma aliukuta ujumbe wa sauti wa Scolastika. Akausikiliza. "Shikamooni wakubwa. Mama Blessing, hapa nimeshusha watu kumi na mmoja lakini simu inaniambia kumi. Naomba uniangalizie." Chini yake palikuwa na jibu moja tu. Dole gumba la njano, na jina la Vaileth.

Alikumbuka alipolibonyeza. Alikuwa sokoni, anachagua nyanya.

*

Jumatano alipanda basi la alfajiri kupitia Kahama, akafika Geita hospitalini saa ya kuona wagonjwa. Mabula alikuwa amelala upande wa kulia, sikio la kushoto limefungwa bandeji. Mkewe, Vumilia, mwanamke mwembamba mwenye mtoto mgongoni, alipomwona Vaileth na begi lake la kompyuta alisimama haraka na kumpisha kiti.

"Shikamoo dada. Ni wa bima?"

"Marahaba. Hapana, mimi si wa bima. Naitwa Vaileth. Ile programu ya kwenye simu ya karani, mimi ndiye niliyeitengeneza."

Vumilia akauliza, bila ukali, kama mtu anayetaka tu kuelewa: "Wewe ndiye uliyemtoa kwenye simu?"

Vaileth alikuwa ameandaa maneno tangu Kahama. Yote yalimtoka. "Ndiyo," alisema. "Mimi."

"Akiwa bado chini."

"Ndiyo."

Mabula alifungua macho, akaona midomo inacheza, akageuza kichwa ili sikio zima liwe juu. "Anasema nini?" aliuliza kwa sauti kubwa kupita kiasi, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka. Vumilia akamwinamia akamwambia kwa Kisukuma. Mabula akasikiliza, akafumba macho tena.

"Kuna mengine?" Vumilia aliuliza. "Makosa ya namna hii, kwenye hiyo simu. Kaka yangu anashuka Rwamgasa na huko nao wanaitumia. Kuna mengine?"

Vaileth alifungua mdomo akataka kusema hapana. Lakini hakujua. Yeye aliyeiandika hakuwa na mahali popote pa kutazama ili ajue.

"Sijui," alijibu.

Vumilia alirudi kwenye kile kiti alichokuwa amempisha, akakaa yeye.

*

Siku nzima ya Alhamisi Vaileth alikaa Nyarugusu kwa Scolastika, mjane wa Kisumbwa kutoka Ushirombo aliyepanga chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga. Scolastika alikuwa amesimamishwa kazi kwa kumkaidi msimamizi. Walikaa mkekani, simu katikati, wakapekua miezi minane ya grupu. Vaileth alisoma na kusikiliza, Scolastika akaandika kwenye daftari lake la zamani.

Kufikia saa kumi walikuwa na kasoro thelathini na nne. Nyingi zilikuwa ndogo: herufi hazionekani juani, kioo kinajizima. Tatu zilimfanya Vaileth aache kusoma. Katika moja, karani wa Rwamgasa alikuwa amesema kwamba simu ikizima chaji na kuwashwa tena, waliobaki chini hawarudi kwenye orodha. Alisema mara mbili, miezi miwili tofauti. Mara ya kwanza alijibiwa na mtu aliyemtumia picha ya maua. Mara ya pili hakujibiwa.

Vaileth alimpigia karani yule palepale, akamwomba arudi kwenye daftari mpaka atakapoambiwa vinginevyo. Kisha akawapigia makarani wengine wote kumi na watatu, mmoja baada ya mwingine.

"Dada Scola," alisema alipomaliza, "mbona hukunipigia? Ulipoona sijarekebisha?"

Scolastika aliweka kalamu chini. "Mimi nilidhani lile dole maana yake umeshatengeneza."

*

Kikao kilifanyika Ijumaa asubuhi kwenye ofisi ya kikundi, chumba cha mabati chenye meza moja. Mwenyekiti, mzee Marcel, alikaa nyuma ya meza. Masalu pembeni yake na mafaili. Vaileth alipewa kiti cha plastiki, na Scolastika alisimama mlangoni mpaka Vaileth alipomvutia benchi. Gregory alikuwa kwenye simu, spika imewashwa, imewekwa juu ya meza.

"Mama Blessing, kwa kuwa wewe ni mwepesi wa kuchapa, utatuandikia muhtasari," Marcel alisema.

"Leo nitasema, mwenyekiti. Muhtasari aandike katibu."

Masalu alishusha macho, akachukua kalamu.

Vaileth alieleza. Kasoro zilikuwa thelathini na nne, tatu za kuua mtu. Jumatatu asubuhi watu wangeshuka tena. Grupu haliwezi tena kuwa ndiyo njia ya kupokea taarifa, kwa sababu kinachosemwa pale kinazama.

"Hilo nimelisema mwaka mzima," Gregory alidakia kutoka Mwanza. "Pale pale tunapoihifadhi programu kuna sehemu ya kuorodhesha kasoro. Mtu anafungua akaunti, anajaza fomu, kila kasoro inapata namba. Kwa Kiingereza, ili na watu wa nje watusaidie. Miradi yote inafanya hivyo."

"Kaka Gregory, samahani," Scolastika alisema kuelekea kwenye simu. "Mimi sina barua pepe. Na Kiingereza sina."

"Basi atakujazia mtu mwingine, dada."

"Huyo mtu mwingine ndiye aliyenipa dole."

Vaileth alihisi uso unamwaka, lakini hakujitetea.

"Ajaze kwa mdomo," alisema. "Iwe namba moja ya simu, ya kasoro peke yake, hakuna salamu humo. Mtu anapiga au anatuma sauti, kwa Kiswahili, kwa Kisukuma, anavyojua. Mmoja wetu anaandika maneno yake kama alivyosema, kisha anamrudishia namba ya kasoro yake. Na hakuna kuifunga mpaka yeye mwenyewe aliyeileta aijaribu na aseme imepona. Si mimi wala Gregory."

"Itachelewesha kila kitu," Gregory alisema.

"Ichelewe."

Gregory alihema. "Sawa. Lakini iwe wazi, Vaileth. Kila mtu aisome. Hapo sitarudi nyuma."

"Hapo ndipo nami nina neno," Marcel alisema, akakunja mikono juu ya meza. "Orodha iwepo, siwapingi. Lakini iwe yenu wenyewe, na nywila. Mwezi ujao wenye leseni za uchimbaji watatu wanakuja kuutazama mfumo huu. Mtu gani anaonyeshwa nyumba, halafu anapewa na karatasi ya nyufa zake zote?"

"Anayetaka kulala ndani yake," Vaileth alisema.

Marcel hakucheka. "Halafu kuna suala la huyu kijana. Kikundi kimetoa laki mbili za dawa kwa ubinadamu. Kwa ubinadamu, nimesema, maana kisheria rekodi inaonyesha alishatoka saa saba na dakika ishirini. Alirudi mwenyewe kwa njia anayoijua. Ofisi ya wilaya tumeshaiandikia hivyo."

"Mmeandika lini?"

"Jana. Katibu amesaini."

Vaileth alimgeukia mumewe. Masalu alikuwa bado anaandika muhtasari, ingawa hakuna aliyekuwa anasema.

*

Masalu alikuwa amechukua ruhusa ya mwisho wa juma, wakarudi pamoja Shinyanga, mabegani wamejaa vumbi. Jumamosi asubuhi, mtoto alipokwenda kwaya, Vaileth aliweka kompyuta juu ya meza ya kulia chakula.

"Ulijua," alisema. "Nilikwambia Jumanne ileile kwamba programu iliwaunganisha watu wawili. Ukasaini kwamba rekodi ni sahihi."

"Nilisaini kwamba rekodi inasema hivyo. Na ndivyo inavyosema."

"Masalu."

"Unataka nifanye nini?" Alisimama, akakaa tena. "Barua ililetwa imeshachapwa. Mzee Marcel alinisimamia kichwani na kalamu. Mimi pale nina nini zaidi ya huo ukatibu? Na wewe ukiweka orodha yako hadharani, ya kwanza itakuwa ni hiyo. Utakuwa umenianika. Watu watasema katibu kasaini uongo na mke wake ndiye aliyemuumbua."

"Na nikiificha?"

Masalu aligeuka kutazama dirishani.

"Nikiificha, yule mwanaume alitoka saa saba na dakika ishirini. Hakuna mahali pengine duniani panaposema vinginevyo isipokuwa sikio lake. Nani atamsikiliza?"

"Unaweza kurekebisha programu bila kuandika chochote. Rekebisha tu. Jumatatu watu washuke salama, yaishe."

Hilo lilimkaa Vaileth moyoni zaidi ya yote mengine, kwa sababu ndilo alilolitaka. Angeweza kulifanya kwa saa mbili, kimya, na aliyebonyeza dole asingejulikana. Aliinuka akaenda jikoni, akamwaga maji kwenye glasi, hakuyanywa. Kutoka pale alimwona Masalu amekaa na viganja juu ya magoti, kama anayesubiri kuitwa mahali.

Alirudi, akakaa, akaanza kuandika. Masalu alihama kiti akaja nyuma yake. Alisoma herufi zikitokea moja moja.

*Kasoro namba 1. Imeletwa na Scolastika, karani, Nyarugusu. Maneno yake: "Hapa nimeshusha watu kumi na mmoja lakini simu inaniambia kumi." Iliripotiwa siku kumi na tisa kabla ya ajali. Ilionekana na Vaileth, ambaye hakuchukua hatua. Watu wawili wenye jina moja huhesabiwa kama mmoja; mmoja akipanda, wote huandikwa wamepanda. Rekodi ya duara namba nne ya Jumanne si ya kweli. Mabula Masanja wa Bukombe alikuwa chini wakati wa mlipuko.*

"Hujaweka jina langu," Masalu alisema.

"Wewe hukuandika programu."

Alibonyeza. Orodha ilikuwa wazi. Masalu alivaa viatu akatoka, na hakurudi mpaka jioni.

*

Jumatatu makarani wote walishusha watu kwa daftari. Jumatano kikundi cha Nyarugusu kilitangaza kuachana na Shuka-Panda. Wale wenye leseni watatu walituma habari kwamba hawatakuja. Namba ya kasoro ilipigwa mara kumi na moja katika siku nne; mmoja alipiga kutukana, wengine kumi walipewa namba. Vaileth aliirekebisha kasoro ya kwanza Jumatatu mchana, akampigia Scolastika, ambaye aliijaribu kwa majina ya bandia na kumwambia, "Bado. Wakiwa watatu inawaunganisha wawili." Akarekebisha tena. "Bado," Scolastika alisema Jumanne. Ikabaki wazi, mbele ya kila mtu.

Masalu hakurudi kazini juma lile. Alisema anaumwa mgongo. Alifua nguo zake mwenyewe, akapiga pasi shati ambalo hakulivaa.

Ijumaa saa nne asubuhi simu iliita kwa namba wasiyoijua. Vaileth aliweka spika kwa sababu mikono yake ilikuwa na unga.

"Naongea na Vaileth? Hapa ni ofisi ya wilaya, Geita. Nina mama hapa, anaitwa Vumilia, ameleta karatasi iliyochapwa kutoka kwenye mtandao. Imeandikwa kasoro namba moja. Ni yako hii?"

"Ni yangu."

"Hapa umejiandika kwamba ulijua kasoro na hukuchukua hatua. Unaelewa kwamba hili linaweza kukugeukia?"

"Naelewa."

"Hakuna aliyekulazimisha?"

"Hakuna."

Walisikia karatasi zikipinduliwa. "Sasa mimi nina tatizo moja, mama. Hapa mbele yangu kuna barua ya kikundi, ina muhuri na saini ya katibu, inasema rekodi ni sahihi na mhusika alishatoka. Wewe unasema si sahihi. Barua yenye muhuri, na karatasi ya mtandao. Mimi nichukue ipi?"

Nyuma ya sauti yake walimsikia Vumilia. "Muulize huyo aliyesaini," alikuwa anasema. "Alikuwepo? Muulizeni tu kama alikuwepo."

Vaileth hakumtazama mumewe. Aliukanda unga polepole, akajibu kwamba yeye hawezi kuisemea barua ambayo hakuiandika. Afisa akasema basi, atalazimika kwenda na yenye muhuri mpaka apate kingine. Akaanza kuaga.

"Asubiri," Masalu alisema.

Alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja mezani, akaichukua simu ile yenye unga, akazima spika kisha akaiwasha tena, kana kwamba ameona aibu ya kusema faraghani.

"Habari za kazi, mheshimiwa. Naitwa Masalu. Saini iliyo kwenye hiyo barua ni yangu. Siku hiyo sikuwepo duarani. Nililetewa imeshachapwa. Nilikuwa nimeshaambiwa kwamba rekodi ni ya uongo, nikasaini hivyo hivyo."

"Unaweza kuja kuyasema hayo hapa ofisini, kwa maandishi?"

"Nakuja."

"Lini?"

Masalu alitazama saa ya ukutani. Basi la saa tano la Kahama lilikuwa bado halijaondoka. Vaileth alikuwa ameshaacha unga na kwenda kabatini; alirudi na lile shati lililopigwa pasi, amelishika kwa ncha za vidole ili asilichafue.

"Leo," Masalu alisema.